Kufunga Spesa za Magurudumu kwenye Gari Lililoinuliwa: Mwongozo Kamili kwa Madereva wa Malindi

Gari likishainuliwa springi na kuvishwa matairi makubwa, shida ya kwanza hujitokeza kwenye kona. Ukikata usukani hadi mwisho, tairi la mbele lasugua mkono wa saspensheni au ubavu wa chesisi. Hapo ndipo mwenye gari huambiwa, "Tia spesa, yaishe." Mara nyingi huisha kweli, ila spesa, ile pete nene ya kusogeza gurudumu nje, ni kiungo kipya kati ya habu (kitovu kinachobeba gurudumu) na gurudumu lenyewe, na huku kwetu kiungo hicho kitaishi ndani ya chumvi na mchanga. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kupima, kusafisha na kukaza upya. Kufungua na kufunga nati ni dakika chache tu.

Kwanza jua unanunua nini

Spesa husukuma gurudumu nje. Ukiweka za milimita 30 kila upande, upana kati ya magurudumu huongezeka milimita 60. Faida ni mbili: tairi huachana na vyuma vya ndani, na gari hukanyaga kwa upana zaidi.

Hiyo ya pili husifiwa kupita kiasi, basi tupige hesabu. Chukua gari lenye upana wa milimita 1,500 kati ya magurudumu, kitovu cha uzito kikiwa milimita 750 kutoka ardhini. Nusu ya upana ukiigawa kwa kimo hicho unapata 1.0; namba hiyo ikishuka, gari hupinduka kwa urahisi zaidi. Inua kitovu kwa milimita 50, inashuka hadi karibu 0.94. Tia spesa za milimita 30, inapanda hadi 0.975. Umerudishiwa sehemu ya uthabiti uliopoteza, si wote. Anayekuambia gari lako sasa halipinduki kwenye mchanga wa Mambrui anauza spesa.

Gharama iko kwenye beringi na usukani. Gurudumu linalobeba kilo 500, likisogezwa nje milimita 30, huongeza nguvu ya kupinda ya karibu nyutonimita (Nm) 147 kwenye habu hata gari likiwa limesimama. Kwenye barabara ya murram ndani ya Tsavo Mashariki, ile yenye mawimbi yasiyokwisha baada ya kupita Sala Gate, nguvu hiyo hugonga tena na tena. Usukani nao utaanza kuvuta mikono kila gurudumu la mbele likigonga jiwe, kwa sababu sehemu ambayo tairi hukanyaga imekwenda mbali zaidi na mhimili wa kugeukia.

Tazama namba ya ET iliyopigwa kwenye rimu zako, yaani milimita ambazo uso wa kufungia rimu umekaa nje ya mstari wake wa katikati. Rimu ya ET30 ukiitia spesa ya milimita 30 inakaa sawa na rimu ya ET0. Beringi haitofautishi, mzigo ni uleule. Kwa hiyo mwenye pesa za rimu mpya zenye ET ndogo afadhali anunue rimu, maana anapata upana uleule bila kuongeza kiungo. Spesa ni za yule anayependa rimu zake, au ambaye pesa zake zimeishia kwenye springi na matairi. Wengi wetu tuko kundi hilo.

Lipo gari moja lenye haki ya pekee: Land Cruiser 79 ya diseli ya V8, iliyotoka 2007. Ekseli yake ya nyuma ni nyembamba kuliko ya mbele kwa karibu milimita 95, na magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele mchangani. Wenye gari hilo hufunga spesa nyuma peke yake, na sababu yao ni nzuri.

Aina mbili, na moja usiiguse

Kuna spesa ya bapa, sahani tu yenye matundu, unayoipachika kwenye stadi za gari (zile boliti zinazotokeza kwenye habu) kisha rimu ikaja juu yake. Inakula urefu wa stadi. Stadi ya milimita 12 yenye meno ya 1.5, yaani yanayoachana milimita 1.5, inataka nati izunguke kwa uchache mara nane tangu meno yashikane. Sahani nene ikiingia katikati, nati inabaki imeshika ncha. Kwa gari lililoinuliwa lenye tairi zito, usiikubali hata ukipewa bure.

Ya pili ina stadi zake. Unaifunga kwenye habu kwa nati za ndani, kisha unafunga gurudumu kwenye stadi za spesa yenyewe. Hii ndiyo tutakayoifunga. Unapoinunua, linganisha mambo haya, na lolote likikataa rudisha kabla hujalipa.

Idadi na duara la stadi, ile mafundi wanayoita PCD. Hilux, Prado, D-Max na Patrol za Y60 na Y61 ni 6 kwa 139.7. Land Cruiser za familia ya 70 za tangu 1999 ni 5 kwa 150. Jimny ni 5 kwa 139.7, Defender ya zamani ni 5 kwa 165.1. Kwa stadi sita pima kutoka katikati ya stadi moja hadi ile inayoikabili. Kwa stadi tano hakuna inayokabili nyingine, basi pima katikati ya stadi mbili zilizo jirani kisha zidisha kwa 1.7, kwenye Land Cruiser ya 5 kwa 150 utapata kipimo cha kama milimita 88 kati ya jirani na jirani.

Meno ya stadi. Toyota na Isuzu nyingi za stadi sita ni milimita 12 kwa 1.5. Nissan na Suzuki ni 12 kwa 1.25. Kwa macho zafanana. Nati ya 1.5 kwenye stadi ya 1.25 itaingia mizunguko michache, itakwama, na kijana mwenye mashine ya upepo ataimalizia kwa nguvu. Hapo stadi imekufa.

Tundu la katikati. Spesa nzuri hukaa juu ya duara la habu bila kucheza, nayo upande wa nje ina duara lake la kubebea rimu. Kwa Hilux na Prado nyingi duara hilo ni milimita 106. Spesa yenye tundu kubwa "linaloingia magari yote" hutegemea nati peke yake kuiweka katikati, na ikikaa pembeni hata kidogo utaisikia kwenye usukani ukifika kilomita 80 kwa saa kwenye lami ya Gongoni.

Chuma chenyewe. Tafuta alumini ya 6061-T6 au 7075, imeandikwa juu yake. Spesa zilizomiminwa kienyeji hupasuka. Na fundi wa kerezo, hata awe hodari vipi, asikuchongee spesa kutokana na kipande cha alumini ambacho hakuna anayejua kilitoka wapi.

Unene gani?

Usianze na namba aliyofunga jirani. Anza na gari lako. Tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha milimita 777 hivi. 285/75R16 lina 834. Kwa rimu ileile, kubadilisha kutoka la kwanza hadi la pili kunaleta tairi ndani milimita 10 na kulirefusha milimita 28 mbele, nyuma, juu na chini. Ndiyo maana linasugua.

Funga tairi kubwa bila spesa, kata usukani mwisho kulia, mwambie mtu aushike, kisha pima pengo lililobaki kati ya tairi na chuma. Rudia kushoto. Kama linagusa kabisa, unataka angalau milimita 15 za hewa baada ya kazi, kwa sababu tairi hujipinda likiwa limepunguzwa upepo wa mchangani. Mara nyingi jibu ni 25 au 30. Kwa matumizi ya kila siku sioni sababu ya kupita 38 mbele. Pikapu inayobeba tani ya samaki kutoka Ngomeni au mawe ya matumbawe kutoka machimboni isipite 30 popote, na ikiwezekana isifungwe kabisa.

Sasa lile ambalo watu hulisahau. Gurudumu likisogea nje, linapogeuka huchora duara kubwa zaidi. Lililokuwa likisugua chesisi sasa laweza kusugua kona ya bampa au nyuma ya madigadi. Chukua donge la unga wa chapati uliokandwa, libandike mahali unapoogopa, geuza usukani polepole. Alama kwenye unga itakuambia kweli kuliko macho.

Kuna na stadi za gari zenyewe. Spesa ikishafungwa, stadi za zamani hupenya na huweza kutokeza juu ya uso wa spesa nyembamba. Rimu nyingi za alumini zina vishimo kwa nyuma vya kuzimeza; rimu nyingi za chuma hazina. Stadi ikigusa rimu, gurudumu halikai bapa hata ukaze kwa nguvu zote. Pima: funga spesa kwa mkono, tazama stadi zatokeza kiasi gani, kisha jaza ule unga kwenye vishimo vya rimu na uibane kidogo upate kina chake. Zikizidi, chukua spesa nene zaidi. Kuzikata stadi kunawezekana, ila siku ukiondoa spesa utabaki na stadi fupi.

Vifaa

Jeki inayofika, maana gari limepanda, stendi nne za chuma, kabari za magurudumu, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), soketi ya ukuta mwembamba kwa nati za ndani, brashi ya waya, msasa laini, petroli kidogo na vitambaa, grisi ya beringi, chupa ya rangi ya kucha. Toki renchi ndiyo ghali. Azima, kodi, shirikianeni wenye magari wawili watatu, lakini usifanye kazi hii bila hiyo. Mashine ya upepo ni ya kufungulia.

Ardhi yetu ni mchanga, basi weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Na tafadhali, gari lisikalishwe juu ya matofali ya matumbawe. Jiwe hilo hujenga nyumba vizuri kwa sababu limepangwa na kushikwa na chokaa. Moja moja chini ya ekseli, hupasuka bila kutoa ishara.

Kusafisha habu

Legeza nati gari likiwa bado chini, inua, weka stendi, vua gurudumu. Sasa tazama uso wa habu.

Kinachobeba gurudumu ni msuguano wa nyuso mbili zilizobanwa. Stadi ya milimita 12 iliyokazwa Nm 110 ikiwa kavu hubana kwa nguvu inayokaribia tani nne na nusu. Sita kwa pamoja hupita tani 25. Mbano huo ukikaa juu ya chuma kisafi, hakuna kinachosogea. Ukikaa juu ya ganda la kutu, rangi au mchanga, ganda lile linasagika baada ya kilomita chache, nyuso zinasogeleana kidogo, na mbano unapotea ingawa nati haijazunguka hata nukta. Baada ya hapo spesa huanza kucheza, na stadi, ambazo hazikuumbwa kukatwa kwa ubavu, huanza kukatika moja baada ya nyingine.

Sugua basi. Brashi ya waya kwenye uso wote, hadi kwenye mizizi ya stadi ambako kutu hujificha. Msasa juu ya duara la habu. Kama gari lina dramu nyuma, hakikisha dramu imekaa bapa hadi mwisho. Ondoa vile vibati vyembamba vya kiwandani vinavyoshika diski au dramu kwenye stadi. Unene wao mdogo unatosha kuipinda spesa. Skrubu za dramu zisichomoze. Futa kwa kitambaa chenye petroli, acha ikauke.

Stadi iliyoliwa meno au iliyopinda, badilisha leo. Meno yabaki makavu na safi: ukiyapaka mafuta, toki renchi itasoma namba ileile huku stadi ikivutwa kwa nguvu kubwa kuliko iliyokusudiwa. Grisi ina mahali pamoja tu, utando mwembamba juu ya duara la habu panapogusana na tundu la spesa. Alumini na chuma vikikutana kwenye maji ya chumvi, alumini huliwa, ule unga mweupe hujaa kwenye pengo, na spesa hushika habu kama koa za mwambani. Nyuso za kubana zenyewe ziache kavu.

Kufunga

Pachika spesa bila nati kwanza. Ikae yenyewe hadi mwisho, isitikisike. Pitisha kipande cha karatasi ukingoni. Kikiingia popote, kuna kitu chini yake, toa usafishe tena.

Tia nati za ndani kwa vidole, zote, hadi zikae. Tumia zilizokuja na spesa, maana pembe ya kiti chake imelingana nazo, na nati za zamani huweza kuwa ndefu zikatokeza. Mtu akanyage breki ili habu isizunguke. Kaza kwa kuruka upande wa pili: kwa stadi sita, 1, 4, 2, 5, 3, 6, kwa tano, 1, 3, 5, 2, 4. Duru ya kwanza Nm 40, ya pili 80, ya mwisho kiwango kamili. Kwa stadi za milimita 12 za Toyota kiwango ni kati ya 100 na 115. Kama mtengenezaji wa spesa ametoa namba yake, fuata yake. Wengine huagiza gundi ya buluu, ile ya kuzuia nati isilegee, kwenye nati za ndani. Wakiagiza tia, wasipoagiza acha.

Zikishakazwa, chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kila nati hadi kwenye spesa. Siku mstari ukivunjika utajua nani amezunguka.

Gurudumu nalo hufuata utaratibu huohuo, kwa stadi za spesa. Angalia aina ya nati. Rimu nyingi za alumini za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye shingo na washa bapa. Rimu za chuma hutumia nati ya koni. Kuchanganya hizi mbili ni kuliacha gurudumu liende zake. Nati zenye kofia zihakikishe hazigongi ncha ya stadi kabla ya kubana rimu: toki renchi italia "tak" na wewe utadhani kazi imeisha. Kaza duru mbili za mwanzo gari likiwa juu, shusha, maliza duru ya mwisho magurudumu yakiwa chini. Land Cruiser za stadi za milimita 14 hutaka nguvu zaidi, Nm 131 kwa rimu za alumini za kiwandani na 209 kwa za chuma.

Kujaribu

Kabla hujashusha, zungusha kila gurudumu kwa mkono ukiwa umeweka kidole karibu na ukingo wa rimu. Likiyumba, fungua, usijidanganye kwamba litajinyoosha barabarani. Likishuka, kata usukani kote kote, kisha pandisha gurudumu moja la mbele juu ya tuta na lile la nyuma la upande wa pili juu ya lingine, ili springi zijibane, halafu kata usukani tena. Gari likiwa limesimama bapa haliwezi kukuonyesha linaposugua.

Tairi likichomoza nje ya madigadi, tia vipanuzi vya mpira. Bila hivyo utarusha mawe kwenye vioo vya wanaokufuata. Gari la kubeba watalii huenda ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kila mwaka, basi uliza kituoni kabla ya kufunga, na ijulishe kampuni ya bima kwa maandishi.

Kukaza upya

Nenda Kilifi na urudi, kama kilomita 120. Kisha vua magurudumu yote manne na upime nati za ndani. Watu wengi hukaza zile za nje tu kwa sababu ndizo zinazoonekana, na nati za ndani hazikaguliwi hadi gurudumu lipite dirisha la dereva. Nati ikikubali kuzunguka zaidi ya kidogo, fungua spesa nzima usafishe upya, kwa maana kuna kilichosagika chini yake. Rudia baada ya kilomita 500, kisha 1,000, kisha kila servisi.

Baada ya kuendesha karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni, au kuvuka maji ya bahari, osha habu kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi siku hiyohiyo. Wakati wa kusi, gari linalolala karibu na ufuo hupakwa chumvi hata kama halikutoka nyumbani. Angalau mara moja kwa mwaka toa spesa kabisa, piga brashi, paka utando mpya wa grisi kwenye duara. Ikigoma kutoka, igonge kwa nyundo ya mpira ukizunguka ukingo, kidogo hapa kidogo pale; patasi itaacha jeraha kwenye uso unaotakiwa kuwa bapa.

Dalili za kusimama papo hapo: mtetemo mpya uliokuja ghafla, mlio wa kugonga unaofuata mwendo wa gurudumu, au michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati.

Pancha ikikukuta njiani, mwambie fundi afungue nati za nje peke yake, na mashine ya upepo aiweke kando wakati wa kufunga. Akimaliza, toa toki renchi yako ukaze mwenyewe. Gurudumu la akiba nalo lijaribiwe juu ya spesa ukiwa bado nyumbani: likiwa la chuma na mengine ni ya alumini, beba seti yake ya nati za koni, na uhakikishe nyuma yake kuna nafasi ya stadi zinazotokeza.